Vijaza Nafasi vya Krismasi

Mnamo Desemba 1913 Arthur Wynne alikuwa na nafasi ya kujaza gazetini. Alikuwa mzaliwa wa Liverpool, mtoto wa mwanahabari, aliyehamia Marekani akiwa kijana na kuishia New York, ambako alisimamia "Fun", nyongeza ya michezo na vichekesho iliyotoka kila Jumapili pamoja na gazeti la New York World. Toleo la Krismasi lilikuwa linaandaliwa, na lilitakiwa liwe na kitu ambacho wasomaji hawajakizoea. Wynne akachora umbo la almasi lenye tundu katikati, akaligawa miraba, akatia namba, akaandika vidokezo, na juu yake akaweka kichwa "Word-Cross". Likatoka tarehe 21 Desemba. Neno moja aliwajazia wasomaji mwenyewe ili wasipotee njia, nalo lilikuwa jina la nyongeza yenyewe: FUN.

Mafumbo ya maneno tunayoyajua leo, pamoja na yale ya chemsha bongo katika magazeti yetu, ni wajukuu wa almasi ile. Kinachonichekesha ni kwamba ilichapwa katika toleo la Krismasi na Krismasi yenyewe haimo. Hakuna hori, hakuna nyota, hakuna mchungaji. Kuna simba, kuna mchanga, kuna risiti, kuna mto Neva wa Urusi, na kuna nyuzi za mti fulani wa Asia wa jamii ya mnazi, ambazo sidhani kama wasomaji wengi wa New York walizifahamu. Njiwa ametiwa mara mbili, jambo ambalo mhariri wa mafumbo wa leo asingelikubali. Hata nardo imo, ile ya marhamu aliyomiminiwa Yesu kichwani, lakini hiyo ni habari ya kuelekea Pasaka.

Wiki chache baadaye wapanga chapa walikigeuza kichwa kwa bahati mbaya, "Word-Cross" ikawa "Cross-Word", na hakuna aliyejisumbua kuirudisha. Mwaka 1924 vijana wawili, Richard Simon na Max Schuster, waliokuwa ndiyo kwanza wameanzisha kampuni ya vitabu, walitoa mkusanyo wa kwanza wa mafumbo hayo, kila nakala ikiwa na penseli yake, na vitabu hivyo vikauzwa kwa malaki. New York Times lilizikejeli akili za wajazaji mwaka huohuo. Lenyewe lilisalimu amri Februari 1942, wiki kadhaa baada ya shambulio la Pearl Harbor, wasomaji walipohitaji kitu cha kuwasahaulisha vita kwa nusu saa.

Nimeanza na Wynne kwa sababu ya ile nafasi aliyotakiwa kuijaza. Fumbo la maneno lilizaliwa kama kijaza nafasi, na ndivyo yalivyozaliwa pia yale majani, nyota na mapindo tunayoyaona kwenye kadi na ratiba za ibada kila Desemba. Watu wa kiwanda kimoja, kwa shida moja, walizaa vitu viwili. Tumezoea kuvitenga: fumbo ni la akili, pambo ni la macho. Mimi naona ni ndugu wa tumbo moja, na Krismasi ndiyo siku wanayokutana mezani.

Kwa msomaji, sehemu nyeupe ya ukurasa ni hewa tu. Kwa mchapaji wa zamani ilikuwa risasi. Pale ambapo karatasi ilitakiwa kubaki nyeupe, mpanga chapa alilazimika kuweka vipande vya risasi au vya mbao vilivyo vifupi kuliko herufi, ili visiguswe na wino lakini vizikaze herufi zisidondoke. Uwazi ulikuwa na uzito na vipimo, na kuupanga kulichukua muda kama kupanga maneno. Mtu aliyeshinda kutwa akipanga vipande vya kutoonekana ilikuwa lazima siku moja ajiulize: kama ni sharti niweke kipande hapa, kwa nini kisiwe chenye ua?

Ua kongwe kuliko yote ni jani. Warumi walipochonga maandishi kwenye mawe, mara nyingi walitenganisha neno na neno kwa jani dogo lenye umbo la moyo, jani la mmea mtambazi ambao Waingereza huuita ivy. Wachapaji wa Italia wa mwanzoni mwa karne ya 16 wakalifufua kwa risasi, na hadi leo wengi huliita jani la Aldus, kwa jina la Aldus Manutius, mchapaji mashuhuri wa Venezia. Limo hata kwenye kompyuta yako: ❦, na lile lililolala: ❧. Mmea huo haupukutishi majani wakati wa baridi. Ndiyo maana Waingereza huutumia kupamba makanisa na majumba wakati wa Krismasi, msimu ambao kwao miti mingi husimama mitupu. Kwa hesabu yangu, jani hili lina haki ya kukaa kwenye kadi ya Krismasi kuliko alama nyingine yoyote ya wachapaji, na ni aibu kwamba hakuna anayelitumia.

Aliyeifanya kazi hii kuwa sanaa ni Robert Granjon, Mfaransa wa karne ya 16 aliyechonga herufi kwa ajili ya wachapaji wa Lyon, Antwerp na Roma. Alichonga vipande vidogo vya majani yaliyojikunja. Kimoja peke yake ni mkunjo tu. Ukikigeuza, ukakipindua, ukakipatanisha na vingine vinne au vinane, mikia inaungana, mashina yanapita chini ya mashina, na pindo linatokea la kuzunguka ukurasa mzima. Mtindo wenyewe Ulaya iliupata kwa Waislamu, kupitia majalada ya ngozi, vyombo vya shaba na nguo zilizofika Venezia kwa biashara, na ndiyo sababu huitwa arabeski. Milango ya kuchonga ya Lamu na Unguja ni ya ukoo huohuo. Granjon mwenyewe, uzeeni, akiwa Roma, alichonga herufi za Kiarabu zilizotumika kuchapa Injili kwa lugha hiyo. Mkristo wa Ulaya aliyefungua kitabu chake cha sala usiku wa Noeli alitazama pindo ambalo fundi wa Cairo angelitambua mara moja.

Turudi kwenye kile kitendo cha kugeuza na kupindua. Mpanga chapa aliyepewa sanduku la vipande vya Granjon alikuwa amepewa fumbo. Vipande vinakubaliana kwa namna fulani na kukataana kwa nyingine, kona ni ngumu kuliko pande, na mwenye haraka hugundua mwishoni kwamba pindo lake halifungi. Francis Meynell na Stanley Morison, Waingereza walioandika juu ya maua haya katika toleo la kwanza la jarida la The Fleuron mwaka 1923, waliwafanya wachapaji wa kizazi chao wayatoe tena stoo na kuanza kucheza nayo.

Wengi wetu huku hatukukutana na maua ya Granjon. Tulikutana na ndugu yake maskini, kinyota cha taipureta. Karani wa parokia aliyeandaa ratiba ya misa ya mkesha hakuwa na sanduku la mapambo. Alikuwa na kitufe kimoja, stensili moja, na mashine ya kurudufu iliyomchafua mikono. Mstari wa juu vinyota vitupu, kila mstari wa kati kinyota kimoja kushoto na kimoja kulia, mstari wa chini vinyota vitupu. Kichwa cha habari nacho kilikuwa na hesabu yake. HERI YA KRISMASI ni herufi 14 na nafasi 2, jumla 16. Ukienda katikati ya karatasi na kurudi nyuma hatua 8, kichwa kinakaa katikati sawasawa. Na alipiga kwa adabu, maana kwenye stensili ukigonga O kwa nguvu, unatoboa duara lote, na kwenye nakala mia mbili linatoka doa jeusi.

Mwenye ujuzi zaidi alipanda mti: kinyota kimoja, chini yake vitatu, chini yake vitano, hadi vichoke, kisha shina la herufi I mbili tatu. Wanaojifunza kuandika programu za kompyuta leo bado hupewa zoezi hilo, na wengi hudhani lilianza na kompyuta. Taipureta ilitangulia kwa mbali. Mwaka 1898 mpiga taipu Mwingereza aitwaye Flora Stacey alichora kipepeo mzima kwa vitufe tu, kipepeo ambaye hadi sasa hutolewa kama mfano wa kazi za awali za aina hiyo.

Kinyota chenyewe kina umri mkubwa kuliko Bethlehemu ya Injili. Aristarko, mkuu wa maktaba ya Alexandria katika karne ya pili kabla ya Kristo, alikitumia kutia alama kwenye mistari ya Homer iliyojirudia. Miaka zaidi ya 300 baadaye Origeni, mwanachuoni Mkristo aliyezaliwa mji huohuo, alikichukua kwa ajili ya Agano la Kale: akakiweka kila mahali ambapo Kiebrania kilikuwa na maneno yaliyokosekana katika tafsiri ya Kigiriki. Kabla hakijawa pambo, kinyota kilimwambia msomaji kwamba hapa pana pengo na pengo limejazwa.

Kisha ikaja simu, na kinyota kikapata maisha ya pili. Ujumbe mfupi wa kwanza kabisa duniani ulikuwa wa Krismasi. Tarehe 3 Desemba 1992 mhandisi Neil Papworth aliandika "Merry Christmas" kwenye kompyuta, kwa kuwa simu za wakati ule hazikuwa na njia ya kuandika ujumbe, akamtumia Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone aliyekuwa kwenye sherehe ya wafanyakazi. Jarvis alisoma. Kujibu hakuweza.

Salamu ile ilikuwa na herufi 15 pamoja na nafasi, katika chombo kinachobeba 160. Kikomo hicho kilitokana na kazi ya Friedhelm Hillebrand, Mjerumani ambaye mwaka 1985 alikaa na taipureta yake akiandika sentensi za kawaida na kuzihesabu, akaona kwamba karibu zote hazivuki hapo. Wakati simu za mkononi zilipoenea Afrika Mashariki, salamu za Krismasi zikawa sanaa ya kutosha humo. Watu walitumiana miti ya vinyota, kengele za mabano, malaika wa koloni na vistari, na kila aliyepokea alimrushia mwingine. Aliyetunga ujumbe wa kwanza hakujulikana.

Kwa nini vinyota, wakati baadaye simu zilikuja na alama nzuri zaidi? Sababu ni shilingi. Herufi 160 unazipata kwa sharti moja: utumie alama zilizomo katika orodha fupi ya mtandao wa GSM. Kinyota kimo. Hata baadhi ya herufi kubwa za Kigiriki zimo, sijui nani aliziombea. Jani la Aldus halimo, wala chembe ya theluji. Ukiingiza alama moja tu ya nje ya orodha, simu hulazimika kuandika ujumbe wote kwa mfumo mwingine unaokula nafasi zaidi, na kikomo kinashuka kutoka 160 hadi 70. Theluji moja, na salamu iliyokuwa ya ujumbe mmoja inakatwa kama miwili au mitatu.

Na upo mtego unaotuhusu sisi hasa. Ile ritifaa ya ng', ikiwa imenyooka, imo kwenye orodha. Iliyopinda, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe zikidhani zinakusaidia, haimo. Mweke ng'ombe karibu na hori kwa ritifaa iliyopinda, na ng'ombe huyo mmoja atakula herufi 90.

Theluji zenyewe zina mwenyewe. Hermann Zapf, mchoraji wa herufi aliyezaliwa mwaka 1918 huko Nuremberg, mji wenye soko la Krismasi linalovuta watu Ujerumani nzima, alichora katika miaka ya 1970 alama zaidi ya 1,000: mikasi, misalaba, vidole vinavyoelekeza, nyota za kila sampuli. Kampuni ya ITC ikachagua 360 na kuzitoa mwaka 1978 kwa jina la Zapf Dingbats. Apple ikazitia kwenye printa zake za leza, na Unicode, orodha ya pamoja ya herufi na alama za kompyuta, ilipotoa toleo lake la kwanza mwaka 1991, alama za Zapf zikapewa mtaa wao, theluji tatu zikiwa jirani: ❄ ❅ ❆. Sikatai uzuri wake. Mtu wa Moshi ana haki nazo, akiinua macho asubuhi anaiona Kibo. Sisi wengine tunaandika Heri ya Noeli katikati ya theluji huku jasho likitutiririka, na kwa kuwa kila mtu anafanya hivyo, hakuna anayeuliza.

Mapambo haya yote yamekuwa pembeni ya maneno. Pambo kubwa kuliko yote ya Krismasi limo ndani ya neno lenyewe. Katika maktaba ya Trinity College, Dublin, kuna Kitabu cha Kells, Injili nne zilizoandikwa kwa mkono na watawa yapata mwaka 800. Mwandishi alipofika Mathayo 1:18, mahali ambapo orodha ndefu ya mababu inaisha na habari ya kuzaliwa inaanza, alisimamisha kila kitu. Ukurasa mzima aliutoa kwa jina la Kristo, tena si jina zima: herufi tatu tu za kifupi chake cha Kigiriki, ya kwanza yenye sura ya X, ya pili yenye sura ya P. Ile X imetanuka hadi mguu wake unagusa kona. Ndani yake kuna miduara ndani ya miduara, na ukitazama kwa subira unaanza kuona viumbe: nondo wawili, mnyama mweusi wa majini mwenye samaki kinywani, na paka wanaowatazama panya wakigombea kitu cha duara kinachofanana na hostia. Wale panya wana maana gani, wataalamu wanabishana hadi leo. Ni pambo lililokuwa fumbo kabla ya mchapaji wa kwanza wa Ulaya kuzaliwa.

Kuna watu ambao kila Desemba hukasirika wakiona "X-mas" kwenye bango la duka, wakidai Kristo amefutwa ili biashara ipite. X hiyo ndiyo ya Kells. Ndiyo herufi ya kwanza ya Kristo kwa Kigiriki, na waandishi wa Kiingereza walifupisha hivyo tangu enzi za kati, wino na ngozi vikiwa ghali. Hasira waipeleke kwenye bei zilizoandikwa chini ya bango.

Watawa walikuwa na fumbo jingine, la polepole zaidi, na hili hulitegua siku kwa siku. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 Desemba, katika masifu ya jioni, Kanisa Katoliki huimba antifona saba, kila moja ikimwita Kristo kwa cheo kimoja: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Macheo, Mfalme wa mataifa, Emanueli. Kwa Kilatini vyeo hivyo ni Sapientia, Adonai, Radix, Clavis, Oriens, Rex, Emmanuel. Chukua herufi za kwanza, na usubiri. Siku ya kwanza una S, ya pili A, ya tatu R, na hakuna kinachoeleweka. Tarehe 23 unapata E ya mwisho. Sasa soma kutoka mwisho kurudi mwanzo: ERO CRAS. Kesho nitakuwapo.

Wapo wanaosema ni bahati tu, kwamba mtungaji hakukusudia. Mimi nawaelekeza kwa Waingereza wa enzi za kati, ambao waliongeza antifona ya nane, ya Bikira, iliyoanza na V baada ya wito wa "O" unaofungua kila antifona. Wao wakapata VERO CRAS: kweli, kesho. Kama wa kwanza hakukusudia, kuna mtu njiani aliyekwisha kuligundua na akalipenda kiasi cha kutaka lisisitizwe.

Karne nyingi baada ya watawa hao, mwaka 2015, Robert Hannigan, mkurugenzi wa GCHQ, idara ya Uingereza inayosikiliza mawasiliano ya watu, alituma kadi ya Krismasi ambayo ndani yake mlikuwa na mraba wa visanduku 25 kwa 25, namba pembeni. Namba zilieleza visanduku vingapi mfululizo vipakwe wino. Aliyepaka sawasawa aliona mbele yake msimbo wa QR, na msimbo huo ukampeleka kwenye fumbo la pili, na la pili likampeleka kwenye la tatu. Mraba uliojazwa ulikuwa pambo la kutosha kutundikwa ukutani, na maneno hayakuwamo hata moja.

Katika shule za Jumapili fumbo linalotawala Desemba ni rahisi zaidi: msako wa maneno, lile kundi la herufi ambamo mtoto huzungushia duara MALAIKA na HORI. Norman Gibat alilichapa katika gazeti lake dogo la matangazo huko Oklahoma mwezi Machi 1968, na walimu wa mji wakaanza kuomba nakala kwa ajili ya madarasa yao. Kijaza nafasi hapa ndicho fumbo lenyewe. Ondoa herufi za kujazia, na maneno yanabaki uchi kwenye karatasi. Kwa hiyo kazi yote ya mtengenezaji iko kwenye takataka, na takataka ndizo zinazopuuzwa. Programu za bure hujaza mapengo kwa alfabeti nzima ya Kiingereza, Q na X zikiwemo, na mtoto wa darasa la tatu anayejua Kiswahili huzifuta zote kwa jicho moja. Anayetaka kumtesa mtoto kwa upendo ajaze kwa herufi za maneno yaleyale: aweke MALAI pasipo KA, aweke MAMAJU mara nne katika pande nne na atoe SI mara moja tu.

Fumbo la miraba ni kazi nyingine kabisa, na Kiswahili kinalikataa kwa namna yake. Kabla ya kueleza, nitaje mraba mashuhuri kuliko yote, uliokutwa ukutani Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79: SATOR, AREPO, TENET, OPERA, ROTAS. Herufi tano kwa tano, na unasomeka mlalo, wima, kwenda na kurudi. Wakristo waliupenda sana, na herufi zake, ukizipanga upya, huandika Pater Noster mara mbili kwa umbo la msalaba, zikabaki A mbili na O mbili. Kutoka hapo ulianza safari za ajabu. Wahabeshi waliyafanya maneno yake matano kuwa majina ya misumari ya msalaba. Huko Kapadokia, katika makanisa yaliyochimbwa ndani ya miamba, wachoraji wa Kuzaliwa kwa Yesu walitaka wachungaji wawe na majina, Injili haikuwapa, basi wakachukua ya kwenye mraba: Sator, Arepon, Teneton. Wachungaji wa Bethlehemu walibatizwa kwa vijaza nafasi.

Sasa jaribu mraba kama huo kwa Kiswahili. Karibu kila neno letu huishia kwa irabu. Neno la mlalo linapogonga ukuta wa kulia, linagonga kwa A, E, I, O au U, na la wima linapofika chini ni vivyo hivyo. Katika mraba uliojaa, usio na kisanduku cheusi, safu ya mwisho yote ni irabu na mstari wa chini wote ni irabu, na kila mmoja sharti uwe neno. Hapo ndipo watengenezaji wengi wa chemsha bongo huamua kutia visanduku vyeusi vingi hadi ukurasa unafanana na sakafu ya vigae, na siwalaumu.

Lakini maneno ya irabu tupu tunayo: ua, oa, au, eua, aoe. Ukianzia chini na kupanda, mraba wa tatu kwa tatu unakubali. Huu naupenda kwa ajili ya Desemba, msimu wa harusi, ambapo kijana aliyerudi nyumbani kwa likizo hukalishwa na shangazi zake na kuulizwa maswali:

N I A
I M O
A O E

Wima au mlalo, maneno ni yaleyale, na yakisomwa kwa mpango yanatoa sentensi ambayo shangazi wanaweza kuipeleka kwenye kikao bila kuongeza neno. Wa nne kwa nne sijauona. Mwenye subira ya likizo ajaribu. Mstari wa chini nampa bure: UUAO, kama katika moshi uuao. Kutoka hapo apande mwenyewe.